SOMO LA VIUMBE: HONDOHONDO MWEUSI, MPANDA MITI ASIYE NA JEMBE



Mara mingi asubuhi, tukiwa tunafagia kiwanja, tunasikia kelele juu ya miti: fuu, fuu, fuu, kama mfua chuma anavuta mivukuto. Wengine wanasema: "Avioni inakuja!" Wengine wanakimbilia manati. Si avioni. Ni hondohondo mweusi. Kwa Kifaransa anaitwa calao, na kila lugha ya kwetu iko na jina lake. Kelele inatoka kwa mabawa, sababu upepo unapita katikati ya manyoya yake makubwa. Sherti tumjue kabla ya kuokota jiwe.

1. Tutamtambua namna gani?

Ni ndege mkubwa, uzito wake unapita kilo moja. Mdomo ni mrefu, na juu yake iko pembe kama kofia. Pembe ya dume ni kubwa, ya jike ni ndogo. Kwenye koo inaning'inia ngozi ya buluu. Dume ni mweusi tangu kichwa mpaka mabawa, lakini jike iko na kichwa na shingo ya rangi ya kahawia. Wengi wanadhani ni ndege wa namna mbili, kumbe ni bwana na bibi yake! Ncha za mkia ni nyeupe. Ukiona weupe kwa mabawa, huyo ni hondohondo wa namna ingine.

2. Anakula nini?

Zaidi ya yote matunda: ya mpafu, ya mngazi, ya mitini ya pori. Anameza tunda zima. Nyama ya tunda inabaki tumboni, lakini mbegu inatoka nzima, kwa mdomo ao kwa mavi. Wakati ule yeye amekwisha kwenda mbali. Uchunguzi katika pori la Dja, kusini ya Cameroun, ulionyesha kwamba mbegu nyingi zinapita metre 500 toka mti wa mama. Ni faida kubwa, sababu mbegu inayoanguka chini ya mama yake inakosa jua, na panya na wadudu wanaimaliza.

3. Nyumba yake

Jike anaingia ndani ya tundu la mti mkubwa, na mlango unazibwa. Unabaki ufa mwembamba tu. Analala juu ya mayai mule, hatoki kwa majuma mengi. Dume analeta matunda ndani ya koo, anayatoa moja moja, anamlisha kwa ufa ule. Mara mingi ni mtoto mmoja tu anayekomaa.

Basi mtu akiua dume wakati ule, anasema: "Nimepata ndege mmoja." Hapana. Ndani ya mti wako wengine wanaongojea chakula.

Hatuandiki kwa kuhukumu mtu. Nyama ni kitu kikubwa nyumbani, na sisi wenyewe tumekula ndege huyu. Lakini yeye hazai kama kuku. Akiisha, nani atapeleka mbegu za mpafu mbali?

Maswali

1. Jike na dume wanatofautiana namna gani?
2. Sababu gani mbegu sherti iende mbali na mama yake?
3. Uliza wazee wa kwenu: hondohondo wako wangapi sasa, na zamani walikuwa namna gani?