Upako na utando: istilahi mbili za kinga ya metali

Tukiulizwa jina la kile kinachopakwa juu ya metali ili isiharibiwe na hewa, wengi wetu tungejibu mara moja: kizuia kutu. Katika makala haya ninaonyesha kwamba jibu hilo halifai kwa metali za joto kali.

Kutu ni neno la chuma. Hutaja kitu chekundu kinachobaki juu ya chuma na kubanduka. Molibdeni haifanyi hivyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 2623 za Selsiasi, lakini oksidi yake huyeyuka karibu na nyuzi 795, kisha hupaa kama moshi. Metali inapungua na hakuna cha kukwangua. Niobi nayo, ambayo sisi Wakongo tunaichimba ndani ya koltani pamoja na tantali, hufanya oksidi yenye nyufa. Oksijeni hupenya hadi ndani ya metali na kuifanya ivunjike kwa urahisi. Kwa hiyo jina la jumla liwe uoksidishaji; kutu ni aina yake moja tu.

Sasa tutazame kinga. Pua za injini za roketi zinazotengenezwa kwa aloi ya niobi hupakwa silisidi, yaani mchanganyiko wenye silikoni. Zikipata moto hewani, silikoni ndiyo inayotangulia kushika oksijeni. Hapo hutokea tabaka jembamba la silika, lenye asili ya kioo. Katika joto kali tabaka hilo hulainika na kuziba nyufa ndogo. Basi kinga hii haizuii uoksidishaji: inautumia. Neno kizuia linamfundisha mwanafunzi kinyume cha mambo yalivyo.

Kiswahili kina dawa yake. Upako unatokana na kupaka: yupo mtu aliyepaka. Utando unatokana na kutanda, kama mawingu yanavyotanda yenyewe. Napendekeza silisidi iliyowekwa na fundi iitwe upako kinga, na silika inayozaliwa motoni iitwe utando kinga. Hata sufuria ya aluminiamu ina utando kinga, ingawa hakuna aliyeipaka kitu.

Koltani inatoka katika ardhi yetu. Mwanafunzi wa Manono au Masisi anastahili kueleza kazi yake kwa maneno yasiyompotosha.