Kukagua Makao ya Watoto

Mtu afikaye Bagamoyo huonyeshwa majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuja kutoka Unguja mwaka 1868, naye husimuliwa habari za watoto waliokombolewa utumwani wakalelewa pale. Mwaka 1872 tufani ilipiga pwani hii, ikabomoa majengo ya misheni ile. Twayakumbusha hayo kwa sababu moja: mtoto akaaye katika nyumba ya malezi hakuichagua nyumba, wala hawezi kuihama ikiwa mbovu. Sharti watu wazima wa nje waitazame kwa niaba yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataka makao ya watoto yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, nayo serikali ya mtaa imepewa wajibu wa kuwalinda watoto wa eneo lake. Lakini afisa ustawi ana vijiji vingi. Mwenyekiti wa kijiji na mwalimu ndio wapitao mlangoni kila siku. Je, watazame nini?

Wengi wetu hutazama rangi ya ukuta. Hata sisi tulidanganyika. Tulikwenda katika nyumba moja, jina lake twaliacha, baada ya kupeleka barua juma zima kabla. Watoto walipangwa safu wakatuimbia, tukanyweshwa soda, tukaandika ya kuwa mambo ni mema. Miezi michache baadaye tulipita pale jioni bila taarifa. Daftarini walikuwamo watoto 31. Vitanda vilikuwa 18, na vile vyandarua vyeupe tulivyovisifu vilikuwa vimekunjwa stoo. Tuliona haya sana.

Tangu siku ile twaanza jikoni na chooni, ndipo tuombe majalada. Kila mtoto awe na lake: katoka wapi, nani alimleta, jamaa zake ni nani, na lini walikuja kumwona. Mtoto asiye na jalada aweza kutoweka asiulizwe mtu. Tena si kila aitwaye yatima hana mzazi. Wengine wana mama au bibi aliyeshindwa na umaskini tu, nasi huuliza nyumba inafanya nini ili mtoto arudi kwao.

Kisha bweni. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi wa Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli huko Machakos liliwaka moto usiku, wakafa wavulana zaidi ya 60. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Hapa pwani nondo ni desturi, kwa kuogopa wezi. Basi twamwomba mlezi aufungue mlango wa pili mbele yetu. Akianza kuutafuta ufunguo, tumekwisha kupata jibu.

Gumu kuliko yote ni kusema na mtoto. Mlezi akisimama karibu, mtoto atasifu. Ukimwita chumbani peke yake, utamtisha. Na mgeni hafai kuachwa faraghani na mtoto, hata awe mkaguzi. Sisi hukaa uwanjani, mahali tunapoonekana na wote ila hatusikiki, tukauliza madogo: Jana ulikula nini? Ukiugua usiku, wamwamsha nani? Mtoto mwenye mtu wa kumtunza hutaja jina upesi. Mwalimu ana nafasi bora kuliko sisi, kwa kuwa humwona mtoto yule yule kila asubuhi, naye hutambua akianza kusinzia darasani au kuja na alama mwilini.

Ukiona la kutia shaka, usimgombeze mlezi papo hapo, maana usiku mtoto atabaki naye. Andika tarehe na yale uliyoyaona kwa macho yako, uyapeleke kwa afisa ustawi wa jamii siku ile ile. Ikiwa mtoto amepigwa au amenajisiwa, nenda polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Simu ya kutoa habari za watoto ni 116, nayo haina malipo.