Kuchaji Pikipiki na Gari kwa Umeme wa Jua

Siku hizi vimeanza kuonekana vyombo vya barabarani visivyotumia petroli. Havina tangi la mafuta, wala havitoi moshi. Vina betri kubwa na mota. Betri ikiisha nguvu, huchajiwa kama tunavyochaji simu. Havipigi kelele, na hilo lina ubaya wake: mtoto anayecheza njiani hasikii pikipiki ikija, wala mbuzi hasikii.

Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, waliendesha gari dogo la umeme walilolitengeneza wenyewe. Waliliita Kiira. Mwaka 2016 lilionyeshwa Kampala basi la Kayoola, la abiria 35, lenye paneli za jua juu ya paa lake. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 2018, kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutembeza wageni Serengeti kwa gari la umeme linalochajiwa kwa jua. Mtu anaweza kuona sababu yake. Petroli ya kupeleka mbugani husafirishwa mbali sana, na jua liko palepale.

Je, sisi wa pwani ya Tanga tunaweza kuchaji vyombo hivi nyumbani, kwa paneli zilizo juu ya bati? Ndiyo, inawezekana. Lakini kabla ya kutoa fedha ni lazima tupige hesabu.

Wati na uniti

Wengi wetu tunalijua neno uniti kwa sababu ya LUKU. Hebu tulitazame kwa mfano wa maji.

Una pipa tupu na bomba la maji. Maji yakitoka kwa kasi, pipa hujaa upesi. Yakitoka kidogo kidogo, pipa huchelewa kujaa. Wati ni kama kasi ya maji yanayotoka bombani. Uniti ni kama kiasi cha maji yaliyomo ndani ya pipa. Wati 1,000 zikitiririka kwa saa moja, hupatikana uniti moja. Paneli ni bomba. Betri ni pipa.

Sasa chukua paneli moja ya wati 400. Upana wake ni kama mita moja na zaidi kidogo, na urefu wake haufiki mita mbili. Wati 400 hupatikana jua likiwa kali kabisa. Asubuhi na jioni ni kidogo. Kwa hiyo mafundi huhesabu siku nzima ya jua zuri kuwa sawa na saa 5 za jua kali.

400 × 5 = 2,000. Hizo ni uniti 2.

Lakini uniti zote hizo hazifiki kwenye betri. Joto, vumbi, waya na mashine hula sehemu yake. Tutoe robo. Inabaki uniti moja na nusu kwa paneli moja kwa siku. Wakati wa masika, mawingu yakitanda, tusitegemee zaidi ya uniti moja. Siku ya mvua ya kutwa hata hiyo haipatikani.

Dereva wa Kigombe

Tuchukue mfano. Tuseme yupo dereva wa bodaboda huko Kigombe, kijiji cha wavuvi kilicho kati ya Tanga na Pangani. Kila siku ya kazi anakwenda kilomita 100. Pikipiki yake ya petroli inatumia lita mbili na nusu. Bei ya petroli hubadilika. EWURA hutangaza bei za kikomo kila mwezi, na Tanga ina bei yake. Sisi tuseme lita moja ni shilingi 3,000.

2.5 × 3,000 = 7,500. Hizo ni shilingi za petroli kwa siku moja.

Dereva huyu anataka pikipiki ya umeme. Pia anataka paneli nne na inveta, yaani mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa ukutani. Fundi amemwambia vyote hivyo, pamoja na kufunga, vitagharimu shilingi 2,400,000. (Bei hii ni ya mfano wetu tu.) Fedha hizo anataka kuzikopa katika kikundi cha kuweka na kukopa cha mkewe. Mkewe analima mwani, na hisa zake zote ziko humo. Mkopo usipolipika, mwani wa misimu kadhaa utakuwa umekwenda na maji.

Mke anamwuliza, "Baba, jua si la bure? Kwa nini tuingie deni kwa kitu cha bure?"

"Jua ni la bure, mama. Paneli si za bure."

"Basi tuandike hesabu kwanza."

Mke huyu amesema kweli. Tuandike pamoja nao.

Betri ya pikipiki yao ina maandishi haya: volti 72, Ah 40. Ukizidisha namba hizo mbili unapata 2,880, yaani karibu uniti 3. Pikipiki ya namna hii hutumia kama uniti 3 na nusu kwa kilomita 100. Kwa hiyo betri moja haitoshi siku nzima. Itamfikisha kilomita 80 hivi. Na kwa sababu chaja nayo hupoteza kidogo, tuhesabu uniti 4 za kuchaji kila siku.

Paneli nne wakati wa kiangazi hutoa uniti 6, zinatosha na kubaki. Wakati wa masika hutoa uniti 4, zinatosha kwa shida. Angenunua mbili tu kwa kuogopa gharama, masika ingemkuta amesimama barabarani. Hapo fundi hakumdanganya.

Sasa faida. Mwaka una siku 300 za kazi. Petroli ya mwaka ni 7,500 × 300, sawa na shilingi 2,250,000. Kama nyumba yao haina umeme wa TANESCO, basi paneli ndizo zitakazowaondoa kwenye petroli, na fedha za paneli zitarudi kwa muda wa mwaka mmoja na kidogo. Bei ya pikipiki yenyewe ni hesabu nyingine, tutaifanya mwishoni mwa somo.

Lakini tuseme waya wa TANESCO umekwisha fika nyumbani kwao. Uniti moja tuihesabu shilingi 360. Uniti 4 ni shilingi 1,440 kwa siku, na kwa mwaka ni shilingi 432,000. Kiasi hicho tu ndicho ambacho paneli zitawaokolea. Gawanya 2,400,000 kwa 432,000. Fedha zitarudi baada ya miaka mitano na nusu! Paneli ni zilezile, jua ni lilelile, lakini jibu limebadilika. Faida kubwa ya dereva huyu imo katika kuacha petroli. Kuacha LUKU kunaongeza kidogo tu.

Kwa hiyo mwenye umeme wa TANESCO anaweza kuanza kwa kuchaji ukutani, na paneli zikaja baadaye, moja baada ya nyingine. Jambo moja aliangalie: wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wana bei yao ya chini. Uniti 4 kila siku kwa siku 25 ni uniti 100, bado taa na redio. Atavuka kiwango. Aulize ofisi ya TANESCO bei atakayotozwa kabla hajafanya hesabu yake.

Mchana pikipiki haipo nyumbani

Hapa ndipo wengi hukosea. Jua linawaka mchana. Mchana dereva yuko kazini. Anaporudi usiku, paneli zimelala. Atachaji kwa kitu gani?

Njia iliyo nyepesi kwa pikipiki ni kuwa na betri mbili. Moja inafanya kazi, nyingine inabaki nyumbani inachajiwa. Huko Kigali, Rwanda, madereva wanaotumia pikipiki za kampuni ya Ampersand hubadilisha betri kituoni na kuendelea na safari. Dereva wetu anaweza kufanya hivyo nyumbani kwake. Chaja ya ampea 10 hujaza betri yake tupu kwa saa 4. Akiiweka saa 4 asubuhi, saa 8 mchana imejaa, na hizo ndizo saa za jua kali. Betri ya pili ni ghali, nayo iingie katika hesabu ya mkopo.

Gari ni tofauti. Betri ya gari haitoki. Gari dogo la Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2010, lilikuwa na betri ya uniti 24. Kwa kilomita 100, pamoja na upotevu wa kuchaji, tuhesabu uniti 17. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50. Kwenda na kurudi ni uniti 17. Gawanya kwa moja na nusu, unapata paneli 12. Paneli 12 zinataka paa la mita 24 za mraba, na uzito wake ni kama kilo 250. Kenchi za mwembamba hazibebi mzigo huo pamoja na upepo wa kusi. Tena gari lazima lishinde nyumbani wakati wa jua. Mwalimu mwenye gari linaloshinda shuleni, paneli zake zingefaa ziwe shuleni.

Anayenunua gari la umeme lililotumika aulize kwanza hali ya betri. Kwenye Leaf kuna vijistari 12 mbele ya dereva vinavyoonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani. Joto huichakaza betri, na pwani yetu ni ya joto. Gari zuri lenye vijistari saba ni pipa lililotoboka.

Mahali pa kuweka paneli

Tanga iko kusini ya ikweta, lakini si mbali nayo. Paneli zilazwe karibu bapa, ziinamie kidogo upande wa kaskazini, yaani upande wa kibla, ili pia mvua izisafishe. Zisiwe chini ya mnazi. Kivuli cha kuti moja kikiangukia kona ya paneli, hupunguza umeme wa paneli nzima, na nyingine zilizofungwa pamoja nayo huathirika, kama mpira wa maji uliokanyagwa mahali pamoja. Na nazi ikidondoka, hakuna haja ya kueleza.

Nyumba ya makuti haifai kabisa. Cheche moja ya waya uliolegea inatosha kuiteketeza. Mwenye makuti asimike nguzo uani, aweke paneli huko.

Upepo wa bahari una chumvi. Chumvi hula misumari, bati na viungo vya waya. Takeni skurubu zisizoshika kutu, na osheni paneli kwa maji baridi ya kisima yasiyo ya chumvi, alfajiri zikiwa hazijapata moto. Asipande mtu bati lililolowa. Kumbukeni pia kwamba paneli haizimwi kwa swichi maadamu jua linaiangaza. Waya zake zina umeme mchana kutwa. Kazi ya kuziunganisha ni ya fundi.

Betri ichajiwe mahali penye hewa na kivuli, mbali na kitanda na mbali na mlango wa kutokea. Ikivimba, ikinuka au ikigongwa, isichajiwe tena.

Jambo la kushangaza ni kwamba pwani yetu hiihii ndiyo inayopokea mafuta. Chongoleani, karibu na Tanga mjini, ndipo lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mwaka 2017. Urefu wake ni kilomita 1,443. Na kutoka Hale, ambako umeme wa maji ya mto Pangani umezalishwa tangu mwaka 1964, si mbali. Dereva wa Kigombe ana vitu vitatu vya kuchagua, na vyote viko jirani naye.

Mazoezi

1. Pikipiki ya umeme inauzwa shilingi 3,600,000 na betri ya pili shilingi 1,200,000. Jumlisha na paneli. Dereva asiye na TANESCO atalipa kwa miaka mingapi kwa fedha aliyokuwa akinunulia petroli?

2. Dereva mwingine anakwenda kilomita 50 tu kwa siku. Je, anahitaji betri ya pili? Anahitaji paneli ngapi wakati wa masika?

3. Andika barua fupi kwa kikundi cha kuweka na kukopa. Omba mkopo wa paneli, na uonyeshe hesabu yako.

4. Zungumzeni darasani: Mke wa dereva akubali mkopo huo, au akatae?