AMRI ZA FAILI: TUZIPANGE VIPI?

Haba na haba hujaza kibaba. Mimi nilikimwaga kibaba chetu kwa amri moja tu.

Nilipewa kazi ya kukusanya makala za jarida hili. Wanachama wanaoishi Ruiru walileta zao katika flashi moja, sisi wa hapa Thika katika nyingine. Tarakilishi niliyotumia ina Linux, nami nilikuwa na daftari langu la amri, limepangwa kwa alfabeti: cp, nakili, mv, hamisha, rm, futa. Basi! Nikahamisha za Ruiru kwa mv, kisha za Thika, zote katika folda moja. Kumbe kila upande ulikuwa na faili iitwayo shairi.txt! Ya Thika ikaifuta ya Ruiru bila hata kuniuliza. Na kwa kuwa mv haibakizi nakala, flashi nayo ilikuwa tupu. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Kosa si la mashine. Daftari langu lilisema amri hufanya nini. Halikusema huharibu nini.

Tena, alfabeti humfaa anayejua jina tayari. Ukitafuta "wanapigiana" kwenye kamusi chini ya herufi W, utakesha. Sharti ujue uende kwa "piga". Vivyo hivyo, mgeni wa tarakilishi anajua kazi anayotaka, ila hajui jina la amri.

Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliobuni Unix, walitoa kitabu cha amri zake tarehe 3 Novemba 1971. Maelezo ya amri yalifuata vichwa vilevile: jina, muundo, maelezo, na hata kasoro. Hawakuona haya kutaja kasoro!

Nimeliandika daftari upya hivi:

1. Mbele, orodha ya kazi: kuona, kunakili, kuhamisha, kufuta.
2. Nyuma, amri zenyewe kwa alfabeti.
3. Kila amri ina vichwa vilevile. Kwa mfano:

Jina: mv, kuhamisha faili au kuibadilisha jina.
Muundo: mv -i faili folda
Tahadhari: Bila -i, faili yenye jina hilohilo iliyomo kwenye folda hupotea.
Tazama pia: cp, rm.

Tahadhari ikae papo hapo kwenye amri, si ukurasa wa mwisho. Nani hufika huko?

Na shairi je? Mwenyewe aliketi nami akalikumbuka ubeti baada ya ubeti. Ukiona humu shairi la beti tano, jua lilikuwa na saba.