GESI KIDOGO HUPIMWAJE?

Ndugu msomaji, gesi haipimwi kama sukari ya dukani. Haikai kwenye mizani ikatulia, wala huioni ikipita. Na ikiwa inapita katika kijia chembamba kuliko unywele, basi taabu huzidi! Hata hivyo watu huipima, tena sawasawa. Katika somo hili nitaeleza njia tatu, na pia nitamtaja mwizi anayeharibu vipimo hivi.

Kwa nini tujisumbue? Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, uzani wake kilo 1. Pumzi yake moja ni kama mililita 5, yaani kijiko cha chai. Mashine inayomsaidia kupumua ikizidisha, mapafu yataumia. Ikipunguza, atakosa hewa. Mashine hiyo sharti ijue hesabu ya gesi kila mara.

Njia ya kwanza: utando wa sabuni
Hii hata sisi twaweza kuifanya maabarani. Chukua bomba la kioo lenye alama za mililita, ulisimamishe. Lowesha ndani kwa maji ya sabuni, la sivyo utando utapasuka njiani. Fanya utando mmoja chini ya bomba, kisha ingiza gesi kutoka chini yake. Utando utapanda ukisukumwa. Ukipita mililita 10 kwa sekunde 20, gesi inapita mililita 30 kwa dakika. Basi! Hatukuiona gesi, tumeona kile inachokisukuma.

Njia ya pili: joto
Si unajua kwamba uji ukipulizwa hupoa? Waya wenye moto nao hupoa gesi inapoupitia, na kadiri gesi inavyokwenda kasi ndivyo unavyopoteza joto zaidi. Louis King, aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alitoa kanuni ya jambo hili mwaka wa 1914. Siku hizi vihisi huchongwa juu ya kipande kidogo cha silikoni. Katikati pana kipasha joto, na kila upande pana kipimajoto. Gesi ikitulia, vipimajoto viwili husoma sawa. Gesi ikipita, kilicho nyuma hupoa na kilicho mbele hupata joto lililobebwa. Tofauti yao ndiyo hutuambia gesi inapita kiasi gani. Vihisi vinavyotumia joto hivi vimo katika mashine za kupumulia, na hata katika injini za magari.

Mwizi ni nani?
Mwizi ni joto la chumba. Hebu tupige hesabu. Gesi ya mililita 300 iliyo kwenye digrii 27 za Selsiasi, ikipata joto la digrii 1 zaidi, hutanuka kwa mililita 1 hivi. Sasa, kama mkondo unaopima ni mililita 0.1 kwa dakika, hiyo mililita 1 ni sawa na gesi ya dakika 10! Jua likipiga dirishani tu, kipimo chako kimeharibika.

Njia ya tatu: matangi mawili
Hapa ndipo mwizi hunaswa. Gesi inayotoka kwenye kijia huingia tangi la kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Shinikizo hupanda polepole. Kando yake huwekwa tangi la pili, ukubwa ule ule, limefungwa. Chumba kikipata joto, shinikizo hupanda kote kwa usawa, kwa hivyo tofauti ya matangi haiguswi. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipima.

Watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walitumia njia hii na kuchapisha matokeo mwaka wa 1997. Walipitisha heliamu katika kijia chenye kina cha zaidi kidogo ya mikroni 1. Gesi iliyopita ilikuwa nyingi kuliko ilivyotabiriwa na kanuni ya kawaida. Kwa nini? Katika bomba pana, gesi iliyogusa ukuta husimama. Katika kijia chembamba mno, huteleza ukutani.

Martin Knudsen wa Denmark alikuwa amechunguza mambo haya tangu mwaka wa 1909. Yeye alilinganisha mwendo wa molekuli kabla ya kugongana na nyingine, na upana wa njia. Katika hewa ya kawaida mwendo huo ni mikroni 0.07 hivi. Njia ikikaribia udogo huo, hesabu hubadilika.

Kwa maoni yangu, funzo kubwa ni hili: usiposhika kitu chenyewe, shika alama yake, lakini kwanza hakikisha alama hiyo haikuachwa na mwingine.

Zoezi
1. Utando umepanda mililita 10 kwa sekunde 40. Ni mililita ngapi kwa dakika?
2. Kwa nini matangi mawili yawekwe mahali pamoja?
3. Kijia kina upana wa mikroni 70. Gawanya 0.07 kwa 70. Je, hewa itateleza sana humo?

Jibu la kwanza ni 15. Hayo mengine nawaachia mjadiliane.