Uzito wa Mti Watoka Wapi?

Mwanafunzi akiulizwa muhindi hupata wapi chakula chake, aghalabu hujibu: "Ardhini." Hata wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hujibu hivyo.

J. B. van Helmont wa Brussels alipanda mche wa ratili 5 katika udongo mkavu wa ratili 200, akaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umefikia ratili 169. Udongo ulipungua wakia 2 hivi. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1648 alidai kuwa mti ule ulitokana na maji matupu. Aliisahau hewa, naye ndiye aliyebuni neno "gesi"!

Jani huingiza kaboni dioksaidi kwa vitundu vyake, na mizizi huleta maji. Umbijani (klorofili) hunasa mwanga wa jua. Kwa nguvu hizo maji hupasuliwa, oksijeni hutoka nje, na haidrojeni hutumika kuigeuza kaboni dioksaidi kuwa sukari. Kazi hii ndiyo usanisinuru.

Basi mbolea si chakula. Naitrojeni yake huingia katika umbijani wenyewe. Ikipungua, muhindi huinyang'anya majani ya chini ili kuyapa machanga, na hayo ya chini hugeuka manjano kwanza.