USIONDOE MTI WA ZAMANI KABLA MPYA HAUJASHIKA

Ndugu mfanyakazi, kila mara daktari anapokupiga picha ya mapafu, picha hiyo haitupwi. Inawekwa ndani ya seva, ndiyo kompyuta inayotunza maandishi ya watu wote. Ugonjwa wa vumbi la mawe, silikosi, mara nyingi huonekana baada ya miaka 10 ya kazi au zaidi. Ili daktari aone mabadiliko, anahitaji picha ya zamani. Ikipotea, nani atashuhudia kwamba ulipoanza kazi mapafu yako yalikuwa mazima?

Kwa hiyo, wewe mtunza seva, na wewe kijana unayejifunza kazi hiyo, soma vizuri.

Tuseme seva ina diski 3 za terabaiti 4, zimepangwa kwa mpango wa RAID 5. Nafasi ya kutumia ni terabaiti 8. Nafasi ya diski moja ni ya ulinzi. Ikijaa, unaongeza diski ya nne, unapata terabaiti 12. Katika Linux, programu ya mdadm inapanga diski upya huku watu wakiendelea kutumia seva. Ni kama kubadili miti inayotegemeza paa la shimo wakati wenzako wanapita chini yake. Inawezekana, lakini kwa uangalifu.

Shika sheria hizi 5:

1. Tengeneza kwanza nakala kamili kwenye mashini nyingine. Jaribu kufungua picha moja kutoka nakala hiyo. RAID peke yake si nakala: ukifuta picha kwa makosa, imefutika.

2. Pima afya ya diski zote kabla ya kuanza. Kazi hii inachosha diski, na iliyo dhaifu inaweza kufa katikati. Ikifa moja, seva inasimama bado. Ikifa ya pili, yote yamekwisha.

3. Fuata kazi kila saa. Soma faili /proc/mdstat: inaonyesha asilimia iliyokwisha, mwendo, na dakika zinazobaki. UUUU ni kusema diski zote 4 ziko kazini. Ukiona UU_U, moja imetoka: mwite mkubwa wako mara moja.

4. Tawala mwendo. Kwa megabaiti 50 kwa sekunde, kazi itachukua karibu saa 22. Ukiikimbiza mchana, muuguzi atangoja picha na wagonjwa watajaa mlangoni. Mchana andika kipimo kidogo ndani ya /proc/sys/dev/raid/speed_limit_max, usiku kipandishe.

5. Usizime mashini ghafula. Umeme ukikatika, mdadm kwa kawaida inaweza kuendelea pale ilipofikia, lakini usijaribu bahati: weka betri ya akiba.

Asilimia ikifika 100, kazi haijaisha. Panua pia mfumo wa faili, kwa maana bila hivyo nafasi mpya haitaonekana. Halafu fungua tena picha chache za zamani, na uandike katika kitabu cha zamu yote uliyofanya.

Na wewe mama wa nyumba, baba akirudi na karatasi ya daktari, iweke mahali pakavu. Hiyo nayo ni nakala.

Anayetunza maandishi anatunza watu. Haraka ya saa moja isipoteze ushuhuda wa miaka 10!